Carlik Jones: Gadi Ambaye Hakuna Aliyemgombania

Tarehe 20 Julai 2024, katika ukumbi wa O2 jijini London, Marekani ilicheza mechi ya kujipima nguvu na Sudan Kusini kabla ya Olimpiki ya Paris. Marekani ilikuwa na LeBron James na Stephen Curry. Sudan Kusini ni nchi iliyopata uhuru Julai 2011 na ikaingia katika shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, mwaka 2013. Wengi waliwasha runinga wakitegemea kuona watu wakichapwa. Wapi! Sudan Kusini iliongoza kwa zaidi ya pointi 10 katika nusu ya kwanza, na Marekani ikaponea chupuchupu, 101 kwa 100, baada ya LeBron kufunga zikiwa zimebaki sekunde chache.

Aliyewasumbua sana siku ile hakuwa jitu la mita 2 na ushee. Alikuwa Carlik Jones, mtu wa karibu mita 1.85, urefu ambao ukipita nao Biharamulo stendi hakuna atakayegeuka kukuangalia. Alimaliza na pointi 15, rebaundi 12 na asisti 11. Rebaundi 12, mbele ya majitu yale!

Swali la makala hii ni dogo. Mtu huyu alikuwa wapi siku zote? Miaka 8 kabla ya hapo alikuwa anamaliza sekondari Cincinnati, Ohio, na vyuo vikubwa vya kikapu vya Marekani havikuhangaika naye. Mwaka 2021 NBA ilipochagua wachezaji wapya 60, jina lake halikutajwa. Kama kweli ana uwezo wa kuitetemesha Marekani, mbona wataalamu wanaolipwa kutafuta vipaji hawakumwona? Nadhani sisi tunaosomea ualimu lazima tulijibu swali hili, maana miaka michache ijayo wanaochagua tutakuwa sisi.

Gadi ni nani

Kwa wasiofuatilia kikapu: timu ina watu 5 uwanjani. Wale warefu, senta na wenzake, wanakaa karibu na ringi, wanagombea rebaundi na kuzuia mipira. Gadi ni wale wafupi wa timu wanaopandisha mpira, na gadi kiongozi ndiye anayeamua nani apewe, lini, na wapi. (Wingi wake tafadhali usiseme magadi. Hayo ni ya kulainishia maharage.)

Kazi ya gadi ni ya uamuzi. Ndani ya sekunde 24 anatakiwa asome walinzi wamesimamaje, mwenzake gani yuko huru, nani kachoka, nani kakasirika. Akitoa pasi nzuri na mwenzake akafunga, hiyo ni asisti. Akipoteza mpira, wenzake wote wanarudi mbio kuzuia huku wakimlaani.

Tatizo linaanzia hapa. Urefu unauona mlangoni, hata kabla mtu hajavaa raba. Kijana wa mita 2 akiingia uwanjani, kocha anaandika jina lake kabla hajagusa mpira. Na ana haki, kwa sababu urefu haufundishiki. Uamuzi hauonekani hivyo. Gadi anaweza kung'ara mechi moja kwa bahati, au kuboronga mechi moja kwa sababu wenzake walikosa vikapu vya wazi. Kumjua unahitaji kumwona mara 10, mara 20, dhidi ya timu tofauti, akiwa anaongoza na akiwa amezidiwa.

Kwa lugha yetu ya chuoni: senta anaweza kufaulu kwa UE, yaani mtihani mmoja wa mwisho. Gadi anapimika kwa CA, upimaji endelevu. Sasa soko la wachezaji, hasa kwa vijana wa miaka 17 na 18, linafanana zaidi na UE.

Hesabu zenyewe

Tuangalie nafasi zilizopo. Ligi ya juu ya vyuo vya Marekani ina vyuo zaidi ya 350. Wakati Jones anasoma, kila chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 13 wa kikapu cha wanaume. Zidisha: ni zaidi ya vijana 4,500. NBA ina timu 30, kila moja ina mikataba kamili 15. Jumla 450, na nyingi zina wenyewe tayari. Kila mwaka uchaguzi wa wachezaji wapya huchukua watu wasiozidi 60, na hao wanatoka dunia nzima.

Kwenye msongamano huo, gadi wa mita 1.85 ana shida ya ziada: wapo wengi. Wanaume wa urefu huo wanaojua kudunda mpira wamejaa kila mtaa. Senta wa mita 2.15 akikosekana, timu inatafuta bara zima. Gadi akikosekana, kuna foleni nje ya mlango. Ndiyo maana mtu kama Jones hagombaniwi. Hakuna aliyemwonea. Kwenye foleni ya namna ile, aliye mbele na aliye nyuma wanafanana ukiwaangalia mara moja tu.

Radford

Waliomchukua ni Radford, chuo cha Virginia ambacho hata Wamarekani wengi lazima waulize kiko wapi. Mwaka wa kwanza, 2016/17, hakucheza mechi hata moja. Kuna utaratibu wa kumweka mchezaji kando mwaka mzima: anafanya mazoezi na timu, anasoma, lakini hahesabiwi kuwa ametumia mwaka wake wa kucheza. Kwa kijana wa miaka 18 aliyetoka kwao akiwa staa, hiyo ni mwaka mzima wa kukaa benchi na suti ya michezo.

Alipoanza kucheza hakuchelewa. Tarehe 4 Machi 2018, fainali ya kanda yao dhidi ya Liberty, timu zikiwa sare 52 kwa 52, Jones alirusha mpira wa pointi 3 muda ukiisha. Ukaingia. Radford wakashinda 55 kwa 52 na kwenda kwenye mashindano ya taifa, ambako baadaye walitolewa na Villanova, waliokuja kuwa mabingwa mwaka huo.

Kikapu kile kilionyeshwa sana kwenye runinga. Ukisikiliza hadithi za michezo zinavyosimuliwa, ungetegemea simu zianze kuita palepale. Hazikuita. Alirudi Radford akacheza miaka 2 mingine. Msimu wa 2019/20 alifikisha wastani wa pointi 20 kwa mchezo na akachaguliwa mchezaji bora wa kanda yao. Hapo ndipo vyuo vikubwa vilipoanza kumtaka. Akiwa amebakiwa na mwaka mmoja wa kucheza, alihamia Louisville, chuo chenye jina kubwa katika kikapu. Huko akapata wastani wa karibu pointi 17 na kuingia kikosi bora cha kwanza cha kanda ya ACC, moja ya kanda ngumu kabisa.

Kumbuka mpangilio huo. Kikapu kimoja cha ajabu hakikumhamisha. Kilichomhamisha ni misimu 3 ya takwimu zilizokuwa zinapanda, ambazo mtu yeyote angeweza kuzikagua. Ile ndiyo CA yake.

Siku 10

Uchaguzi wa NBA wa 2021 ukapita bila jina lake. Kuanzia hapo maisha yake ya kazi yanakuwa kitu ambacho wengi wetu hatukijui, kwa sababu runinga hutuonyesha matajiri tu.

Chini ya NBA kuna ligi ya maendeleo inayoitwa G League. Karibu kila timu ya NBA ina timu yake ndogo huko. Mshahara ni wa kawaida, safari ni za kuchosha, na kila mchezaji pale anasubiri mtu aumie huko juu. Inasikika vibaya, lakini ndivyo nafasi zinavyopatikana. Timu ya NBA ikipungukiwa, inaweza kumwita mtu kwa mkataba wa siku 10. Kwa kawaida timu inaweza kukupa mikataba miwili ya namna hiyo kwa msimu. Ikiisha, ama wakuchukue hadi mwisho wa msimu, ama wakuage.

Jones alicheza kwenye timu ndogo ya Dallas. Desemba 2021 wimbi la korona la Omicron liliangusha wachezaji wengi wa NBA, timu zikakosa watu, na Dallas wakampa siku 10. Zikaisha. Januari 2022 Denver wakampa siku 10. Zikaisha. Akarudi chini.

Fikiria kazi ya siku 10. Unafika timu ambayo hujui mifumo yake. Kama wewe ni gadi, ndiye unayetakiwa kuwaelekeza watu wanaolipwa mara mia yako, na majina ya mifumo yao umeyajua jana usiku hotelini. Ukicheza dakika 3 mechi ikiwa imeshaamuliwa, hizo dakika 3 ndizo mtihani wako.

Msimu uliofuata alienda Windy City, timu ndogo ya Chicago Bulls. Huko akacheza kiasi cha kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima ya maendeleo kwa msimu wa 2022/23. Chicago wakampandisha kwa mkataba wa pande mbili, ule unaomruhusu mchezaji kwenda na kurudi kati ya timu kubwa na ndogo, kisha wakampa mkataba kamili. Mtu angesema, haya, kafika. Kabla ya msimu wa 2023/24 kuanza, wakamwacha.

Nimekutana na vijana wanaoamini kuna siku moja ya kutoboa, na ukishatoboa umetoboa. Njia ya Jones inasema vingine. Aliruhusiwa kuingia mara nyingi, akatolewa mara nyingi. Alichobaki nacho kila alipotolewa ni rekodi iliyokuwa bora kuliko ile aliyoingia nayo.

Sudan Kusini inaingiaje

Luol Deng alizaliwa Wau, familia yake ikakimbilia Misri, baadaye Uingereza. Alicheza NBA kwa miaka mingi, sehemu kubwa akiwa Chicago. Mwaka 2019 akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Nchi haikuwa na ukumbi wa ndani wa kikapu. Alichokuwa nacho ni watoto wa wakimbizi waliotawanyika Australia, Marekani, Kenya, Uganda. Akaanza kuwakusanya, huku timu ikifundishwa na Royal Ivey, ambaye naye alikuwa gadi wa NBA aliyechaguliwa namba 37 mwaka 2004, mtu aliyejua maisha ya pembeni ya ligi.

Hata timu yenyewe iliingia kwa mlango wa siku 10, kwa namna fulani. Kwenye AfroBasket ya 2021 jijini Kigali walipata nafasi baada ya Algeria kujitoa. Wakafika robo fainali.

Kanuni za FIBA zinairuhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja aliyepewa uraia ukubwani. Sudan Kusini walikuwa na warefu wa kutosha. Walichokosa ni mtu wa kupandisha mpira. Nafasi hiyo moja wakampa Carlik Jones, Mmarekani Mweusi wa Cincinnati. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 aliongoza mashindano yote kwa asisti, zaidi ya 10 kwa mchezo. Sudan Kusini wakaifunga China 89 kwa 69, ushindi wao wa kwanza wa Kombe la Dunia, wakazifunga Ufilipino na Angola, wakamaliza wa kwanza kati ya timu za Afrika na kupata tiketi ya Paris. Tarehe 28 Julai 2024 wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, Jones akiwa na pointi 19. Kabla ya mechi ile waandaaji walianza kwa kupiga wimbo wa taifa ambao si wao. Wachezaji walisubiri urekebishwe, wakaimba wa kwao, wakacheza.

Kuna wanaosema kumpa Mmarekani uraia ni kununua ushindi. Hoja hiyo ina uzito, na gadi yeyote kijana wa Juba ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini. Lakini tazama asisti 10 kwa mchezo maana yake nini. Ni vikapu 10 vilivyofungwa na wengine, watoto wa wakimbizi kama Wenyen Gabriel, aliyezaliwa Khartoum, na Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya wazazi wakiwa wakimbizi. Gadi mzuri huwafanya wenzake waonekane.

Baada ya Kombe la Dunia Jones alicheza China, na mwaka 2024 akasaini Partizan ya Belgrade, Serbia, chini ya Željko Obradović, kocha aliyetwaa ubingwa wa Euroleague mara 9. Mwaka 2025 Partizan wakawa mabingwa wa ligi ya ABA. Hakuwa NBA. Alikuwa na kazi nzuri, kwenye klabu kubwa, na nchi nzima inamjua. Hiyo nayo ni taaluma ya kikapu, ingawa mabango ya mitaani hayaionyeshi.

Warefu wawili wa kulinganisha nao

Watanzania mfano wetu ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, karibu mita 2.2, alianza kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, na mwaka 2009 Memphis wakamchagua namba 2. Ni Mtanzania wa kwanza NBA na heshima yake haifutiki. Lakini Februari 2010, msimu wake wa kwanza tu, alipelekwa ligi ya maendeleo, na mechi zake za NBA ziliishia 2014. Baadaye alicheza Japan na Taiwan.

Kwenye uchaguzi uleule wa 2009, namba 7 alikuwa gadi mwembamba aliyetoka Davidson, chuo kidogo alichoenda kwa sababu vyuo vikubwa havikumtaka. Jina lake Stephen Curry. Sisemi hivi kumdhihaki Thabeet. Alichaguliwa kwa kile kilichoonekana kwa macho, akatakiwa ndani ya miezi awe mchezaji ambaye wenzake walikuwa wanajengwa tangu utotoni. Kuchaguliwa mapema nako kuna mzigo wake.

Mfano wa pili ni Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda. Alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi kwa sababu watu walimwona mrefu. Akapata akademia ya NBA Afrika iliyoko Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, akaenda Duke, na 2025 akachaguliwa namba 10. Alikuwa timu moja na Jones pale Paris. Mmoja njia ilimfuata mtaani kwao. Mwingine aliifuata yeye, miaka 8.

Ngara na Biharamulo

Nilifanya mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya Biharamulo. Uwanja wa kikapu ni udongo, ringi moja imepinda, mpira mmoja. Udongo ule mpira haudundi sawa: ukigonga jiwe unakwenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo watoto wanaojifunza kudunda pale wana mikono ya ajabu, wanaushika mpira kabla haujaamua. Ukitafuta sehemu ya kuzalisha gadi, si mbaya hata kidogo.

Kinachokosekana ni mtu wa kuwaona zaidi ya mara moja. Timu ya UMISSETA huundwa kwa ngazi, shule, wilaya, mkoa, taifa, na kila ngazi muda ni mfupi. Mwalimu wa michezo ana siku mbili tatu, watoto mia, na orodha ya kupeleka. Nani ataandikwa? Mrefu. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo, na wewe pia. Mtoto mfupi anayetoa pasi ambazo wenzake wanazidondosha ataonekana anapoteza mipira.

Dawa yake haihitaji pesa. Inahitaji daftari. Mwalimu, au mwanafunzi aliyeumia mguu na anayekaa pembeni, achore safu nne kwa kila gadi: pasi zilizozaa kikapu, pasi nzuri ambazo mwenzake alikosa, mipira aliyopoteza, mipira aliyopokonya. Mechi 10 za darasa kwa darasa zinatosha. Mwisho wa muhula utakuwa na kitu ambacho skauti wa Radford angekielewa. Siku mtu wa mkoa akija na kusema "huyu mfupi wa nini?", unamfungulia ukurasa.

Na soko la hawa watoto haliko mbali kama tunavyodhani. Kutoka Rusumo, mpakani mwa Ngara, hadi Kigali ni safari ya saa chache. Dar es Salaam ni safari ya siku nzima na zaidi. Kigali ndiko ligi ya klabu za Afrika, BAL, ilikoanzia mwaka 2021. Kwenye ligi hiyo Nuni Omot, yule aliyezaliwa Kenya, alikuwa mchezaji bora mwaka 2023 akiwa na Al Ahly ya Misri, na fainali ilichezwa Kigali hukohuko. Michezo ya sekondari ya Afrika Mashariki, FEASSSA, mwaka 2023 ilifanyika Huye, Rwanda. Kanuni za BAL zinataka sehemu kubwa ya kila kikosi wawe raia wa nchi ya klabu. Maana yake klabu ya Tanzania ikienda kule, inahitaji gadi Watanzania, siyo mmoja wa kununua.

Watu wa Ngara tunaujua ule mpaka kwa habari nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya kama saa 24, Benaco ikawa mji wa maturubai. Wazee wetu bado wanasimulia. Tumezoea kuufikiria mpaka kama mlango wa matatizo yanayoingia. Mtoto wa Rulenge au Kabanga anayejua kupandisha mpira ana haki ya kuufikiria kama mlango wa kutokea.

Tahadhari moja lazima isemwe. Wapo watu wanaopita mashuleni wakiahidi ufadhili wa nje wakitaka hela ya fomu. Njia ya Jones inakupa kipimo cha kuwajua. Kila aliyemchukua alimchukua baada ya kumwona akicheza. Mtu anayetaka laki kabla hajamwona mtoto akishika mpira, mwelekeze stendi.

Na sisi wenyewe

Wengi wetu tutamaliza chuo na hatutapangiwa kituo mwaka huohuo. Tutafanya usaili, tutasubiri, tutaambiwa tujitolee kwanza kwenye shule fulani kwa posho ya nauli, au bila posho. Kaka na dada zetu wako huko sasa hivi. Mwalimu wa kujitolea ana maisha ya mkataba wa siku 10: unaingia katikati ya muhula, hujui mfumo wa shule, unapewa Kidato cha Pili walioshindikana, na hakuna anayekuahidi kesho.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Jones alilipwa kwa zile siku 10, na alilipwa vizuri. Mwalimu anayefundisha vipindi 24 kwa wiki bila malipo hapaswi kuambiwa avumilie kwa sababu kuna mcheza kikapu alivumilia. Hilo ni jambo la kudai, na chama chetu cha wanafunzi kina wajibu wa kulisema kwa sauti.

Ila kuna kitu kimoja cha Jones ambacho kipo mikononi mwetu. Kila alipotoka, alitoka na rekodi. Mwalimu wa kujitolea akitoka shuleni na maneno tu, "nilifundisha pale", amerudi kwenye foleni ya wanaofanana. Akitoka na daftari linaloonyesha Kidato cha Pili walianza wapi na Hisabati na wakaishia wapi, majaribio 8 na alama zake, huyo anakaguliwa. Kazi yetu nayo ni ya gadi: tunatoa pasi, wengine ndio wanaofunga. Nani atazihesabu asisti zetu kama sisi wenyewe hatuziandiki?

Kwa hiyo ukipangiwa shule huko Nyakahura, Rulenge au kwingineko, na ukamkuta yule mfupi anayebaki uwanjani wenzake wakishaenda kula, usimwambie akajaribu mpira wa miguu. Chukua daftari, chora zile safu nne, andika tarehe ya leo.